Siku Mama Alipomtukana Marehemu

Nyumba mpya ina harufu yake, na kijiji kizima cha nyumba mpya kina harufu ambayo sijakutana nayo tena tangu nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi hivi: miti mibichi iliyokatwa juzi na bado inatoa utomvu, udongo uliokandwa kwa miguu, nyasi za paa zilizofyekwa kabla hazijakauka vizuri, zikaanza kuvunda mvua ya kwanza ilipozikuta. Sisi tulikuwa watu wa milimani, upande wa juu wa Kisanga. Mwaka ule wa vijiji, serikali ilipowahamisha watu wakakae pamoja, malori yalitushusha tambarare, karibu na barabara iendayo Mikumi, tukapangwa kwa mistari kama mahindi. Ukisimama mlangoni uliiona milima yetu, ya buluu, imekaa palepale tulipoiacha, na nadhani hilo ndilo lililowachosha watu wazima kuliko kazi yenyewe. Ninapoukumbuka msimu ule nakumbuka kwanza uchovu wao. Asubuhi rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini iligongwa, watu wakaenda shamba la kijiji. Mchana walirudi kukandika kuta zao. Jioni walikaa nje bila kuzungumza, wakisikiliza nyati wakikohoa majanini. Hakuna aliyelalamika. Wakati ule kulalamika kulikuwa na jina lake, na jina hilo hukutaka liandikwe karibu na lako.

Mama yangu hakupenda matusi. Nasema hakupenda, lakini neno hilo ni dogo. Alisoma shule ya misheni kule juu mpaka darasa la nne, akatoka na mwandiko mzuri, nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili, na imani kwamba tusi likishatoka mdomoni huacha doa ndani ya nyumba. "Mjinga" kwetu lilikuwa tusi. "Mshenzi" hatukuthubutu hata kulinong'ona. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alikuwa akisema, na sisi tuliojikwaa ulimi tulikuwa na adhabu ambayo sijaisikia kwa mzazi mwingine yeyote. Hakuchapa wala hakutunyima chakula. Alitupeleka zizini tukamwamkie mbuzi. Ulisimama mbele ya beberu, mikono nyuma, ukasema "Shikamoo", ukangoja. Beberu alitafuna tu. Ukasema tena, kwa sauti ya kusikika, mama akiwa nyuma yako na uso usiocheka hata kidogo. Maana yake, alivyotueleza, ni kwamba mtu aliyeshindwa kumheshimu binadamu aanze kujifunza upya kwa mnyama, akihitimu ndipo arudi kwa watu. Mdogo wangu Lameki alimwamkia beberu yule mara nyingi kiasi kwamba majirani walimwita mjukuu wake, mama akiwa hayupo karibu.

Ila kulikuwa na mtu mmoja aliyetukana mlangoni kwetu kila alipojisikia, na mama hakuwa na la kumfanya. Huyo ni Babu Yeremia. Kwetu ukoo hufuata mama, na koo zetu zina utani baina yao tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Ukoo wa mama yangu, ambao ndio wangu, na ukoo wa Babu Yeremia walikuwa watani. Sisemi utani wa kuchekeshana sokoni. Huu ni utani wa kuzikana. Mtani anaweza kukutolea tusi ambalo jirani akilitoa mtafikishana barazani, na anaweza kuchukua ndizi yako mbivu mbele ya macho yako akaila huku akikulaumu kwa udogo wake. Lakini siku ya msiba wako yeye ndiye anayepiga jembe la kwanza la kaburi, na kabla mwili haujatoka ndani, yeye ndiye anayesimama mlangoni na kumwambia marehemu mabaya yake yote bila kumficha kitu. Wafiwa hawawezi kumsema mtu wao. Uchungu umewabana na heshima imewaziba. Mtani huwasemea, na akishamaliza ndipo kilio hufunguka.

Babu Yeremia alikuwa mfupi, mwenye miguu iliyopinda na pua iliyojaa tumbaku, akiishi na dada yake mjane, Bibi Tabitha, na mjukuu wa dada huyo kwa binti yake, aitwaye Yoeli, rika langu. Kule mlimani alipita kwetu karibu kila asubuhi. Mama alimwambia, "Shikamoo, baba." Yeye alijibu, "Marahaba, mwanangu," akaendelea bila kuvuta pumzi, "na hicho kichwa kama kibuyu kilichosahauliwa mvuani, umekichana leo au unangoja Pasaka?" Mama alijibu, "Mungu akusaidie, baba." Hakuwahi kumrudishia hata nusu ya neno. Wanawake wengine wa ukoo wetu walimrudishia mpaka wakakaa chini kwa kucheka, lakini mama alisimama pale na ufagio wake, mpole, kama mtu anayengoja gari lipite. Sisi watoto tulimwonea fahari. Leo nadhani tulimwonea fahari kwa jambo lisilo sahihi, kwa sababu siku moja nilimsikia mzee yule akimwita kwa jina langu na kumwambia bila mzaha wowote: "Mama Damari, mtani asiyejibu ananifanya nionekane mgomvi. Miaka yote hii nakutukana peke yangu, kama mtu anayetwanga bila mwenzake." Mama akamwambia amsamehe, mdomo wake hauwezi. "Basi siku nikifa utanitukana," mzee akasema. "Siku hiyo tutakuwa wengi," mama akajibu. "Hawatanihitaji mimi."

Na kweli wangekuwa wengi, lau si malori. Watu wa ukoo wetu waliishi ng'ambo ya kijito, nao walipakiwa siku nyingine, wakapelekwa upande wa Malolo. Sisi, kwa kuwa baba alijenga upande wa huku, tulipakiwa pamoja na kina Babu Yeremia. Sidhani kwamba kuna mtu alikusudia kutendea watu ubaya huo. Aliyepanga malori alihesabu vichwa na magunia. Watani hakuwahesabu, na angeanzaje? Babu Yeremia hakuwahi kupanda gari maishani. Lilipoanza kutetemeka alimshika dereva shati kupitia dirishani, akaomba ashushwe atembee, akasema yeye atafika tu, hata kama ni kesho kutwa. Tulicheka. Njia nzima alifumba macho, na tulipofika alishuka mtu mwingine. Aliacha kunusa tumbaku. Akawa anapita kwetu, mama anamwamkia, anaitika "Marahaba, mwanangu," na kuendelea na safari yake. Mama alisimama akimtazama mgongoni. "Yeremia anaumwa," alimwambia baba jioni moja. "Leo tena hakunisema." Baba alijibu kwamba mwenye kunyamaziwa ashukuru. Mama hakushukuru.

Mvua zilipoanza na mbu wakafurika, homa ikamchukua. Alikata roho asubuhi, wakati rimu ya shambani ikigongwa, hivyo wengi walizisikia sauti mbili kwa pamoja, ya chuma na ya mtoto Yoeli. Watu wakaja. Wenyeji wa tambarare, wengi wao Waislamu ambao tulikuwa bado tunajifunza majina yao, walikuja kabla ya watu wetu wenyewe. Walileta mikeka, maji na kuni, wakauliza kaburi lichimbwe wapi. Walikuwa watu wema, na kwao maiti haikawizwi. Mwenyekiti wa kijiji naye alifika, akatoa pole, akasema vijana kumi wachimbe na wengine wawahi palizi, kwani mvua haimngoji mtu. Watu na majembe vilikuwa tayari, isipokuwa Bibi Tabitha. Alikaa chini mlangoni, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye mwimo, macho makavu. Mtu asingeweza kuingia wala kutoka bila kumruka, na hakuna mtu anayemruka mfiwa. "Hatoki mtu hapa," alisema. "Hajasemwa."

Mwinjilisti wetu, kijana aliyetumwa kwetu kutoka Kilosa mjini mwaka huohuo, alichuchumaa mbele yake akamweleza kwa upole kwamba ndugu Yeremia alibatizwa, tutaimba, tutasali, na matusi mbele ya maiti ya Mkristo ni mambo ya gizani. Bibi Tabitha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tena kwamba hajasemwa. Jua likapanda. Watu wakaanza kunong'ona juu ya joto. Mwenyekiti alisema, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kwamba saa sita ikifika mgambo wataingia kuutoa mwili, afadhali aibu kuliko maradhi. Bibi Tabitha alisikia. Alichofanya ni kujisogeza ubavuni na kuuziba mlango vizuri zaidi.

Hapo ndipo Mzee Maganga alipojaribu kusaidia. Alikuwa Mnyamwezi, alikuja zamani kukata mkonge Rudewa, akazeekea huku, na kama Wanyamwezi wote wa Morogoro alijua kwamba wenyeji wa mkoa huu ni watani zake. Alisikia kwamba msiba unakosa mtani, akafurahi kuwa na la kutoa. Akaja mbio, akajitupa mkekani karibu na mlango, akapiga kelele: "Amka wewe mwizi! Umekufa ili usinirudishie jembe langu? Amka, mla panya!" Watu wachache walicheka, kwa kuwa alichekesha. Bibi Tabitha alimwangalia. Nimeona watu wakipigwa, na sijaona uso ulioumia kama ule. "Baba," alimwambia, "wewe mtani wetu wa njiani, na ukinikuta njiani nitakutukana mpaka ukimbie. Lakini huyu humjui. Hakuiba katika maisha yake. Unamtukana mtu mwingine." Mzee Maganga alinyanyuka polepole, akajikung'uta, akaomba radhi, akaenda kukaa nyuma ya watu wote. Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama, na pale ndipo nilipofahamu, bila kuelezwa na mtu, kwamba tusi linaweza kuwa na maneno yaleyale kabisa na likawa dawa kinywani mwa huyu, sumu kinywani mwa yule. Ndipo Bibi Tabitha alipogeuza shingo akamtafuta mama yangu kwa macho.

"Mama Damari," alisema. "Umebaki wewe."

Mama aliinuka akatoka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata. Baba alikuja pia. Alikuwa mtu wa maneno machache na siku ile yalipungua zaidi. Mama alimwuliza afanye nini, na baba akasema kweli tupu: "Ni mtani wako, si wangu. Ningeweza ningekusaidia." Mama alisema yeye ndiye anayeongoza akina mama kanisani. Alisema ametulea sisi kwa mdomo mmoja tangu tuzaliwe, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akiufungua mdomo leo, atatuambia nini kesho? Alisema mwinjilisti hatamsamehe, na kwamba hata yeye mwenyewe hajui kama atajisamehe. Kutoka ndani ya nyumba tulisikia kikohozi cha Yoeli, aliyekuwa amekaa na maiti peke yake kwa sababu bibi yake hakuruhusu mwingine apite. Mama akafungua kilemba chake cheupe cha kanisani, akakikunja mara mbili kama anavyokunja nguo za pasi, akanipa mimi nikishike. Kichwa chake kilikuwa hakijachanwa.

Alianza vibaya. Alisimama mbele ya mlango, mikono ameibana, akasema, "Yeremia, ulikuwa mchafu. Yeremia, ulikuwa na kiburi." Sauti ilikuwa ileile ya kusomea somo la Jumapili. Bibi Tabitha hakujitikisa. "Hujamtukana," alisema. "Umemsoma." Nilimwona mama akifumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama mtu yeyote. Alitazama ndani, gizani, alikolazwa mzee, na akaanza upya kwa lugha yetu ya mlimani, ile anayoitumia mtu akikanyaga mwiba. Siwezi kuyaleta yote kwa Kiswahili, na mengine sitaki. "We mshenzi," alisema. "Umelala hapo na miguu yako ya fisi, unajifanya umechoka. Umechoka na nini? Uliwahi kulima wapi wewe? Ndizi zangu umekula miaka yote ukasema ni ndogo, na hukuacha hata moja. Umemkalisha dada yako jikoni tangu awe mjane, kila anayemposa unamtukana mpaka akimbie, kwa sababu ya tumbo lako hilo, gunia la pamba! Mwoga! Ulimlilia dereva shati likachanika, mzee mzima, tukacheka mpaka huku!" Kuna mtu alicheka, nadhani ni mwanamke wa tambarare aliyefasiriwa maneno hayo na mwenzake. Mama hakusikia. Alilitaja pia jambo la uchi wa mzee yule, kwa neno ambalo sikujua kwamba mama analijua, na ambalo kwa umri wangu huu bado sijalitamka.

Kisha sauti yake ikabadilika. "Wametushusha hapa," alisema, "kwenye mbu na nyati, kwenye udongo huu usioshika mgomba, na wewe ukaangalia, ukaona pabaya, ukajifia. Umetuachia sisi. Nani alikwambia sisi tunapapenda? Mvivu wa kufa na kupona! Ungekaa nasi tukateseka wote! Sasa asubuhi nani atanipigia kelele mlangoni? Nani aliyebaki hapa anayejua kichwa changu?" Mwenyekiti alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, na alikuwa mtu wa kwetu, akielewa kila neno. Maneno yale yangesemwa barazani yangemfikisha mtu mbali. Lakini matusi ya mtani hayashtakiwi popote. Hayo alikuwa akimwambia maiti. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Wazee wetu wote waliangalia chini vilevile, na nikaona mabega ya baba yangu yakitikisika. Msimu mzima hakuna aliyekuwa amelisema jambo lile kwa sauti, na aliyelisema ni mama, mwanamke asiyesema "mjinga".

Bibi Tabitha alianza kwa kucheka. Alicheka kidogo, puani, aliposikia habari ya gunia la pamba, na sasa kicheko hicho kikamtoroka, kikageuka katikati kikawa kilio, na kilio hicho kilibeba watu wote waliokuwepo, hata wenyeji waliokuja na mikeka yao. Akavuta miguu, njia ikawa wazi. Mama alichukua jembe mkononi mwa kijana mmoja, akaenda mwenyewe kupiga la kwanza, akapiga na la pili ambalo hakulazimika kulipiga. Tulimzika kabla ya saa sita. Mwinjilisti alisali vizuri, ila hakumtazama mama.

Jioni ile mama alikaa nje, akasukutua kinywa kwa maji akatema, akasukutua tena. Nilimrudishia kilemba chake. Lameki, ambaye hakuwa na adabu ya kujua wakati, alimwuliza kama sasa na sisi tumeruhusiwa. Mama alimwuliza, "Wewe umefiwa na nani?" Lameki akasema hakuna. "Basi nenda kamwamkie beberu kwa swali hilo." Baadaye, tulipobaki wawili, alinieleza bila kuulizwa kwamba tusi ni kama panga la jirani: ukiitwa kwenye kazi unalishika, na kazi ikiisha unalirudisha, hulali nalo. Nikamwuliza kama amelirudisha. Alifikiri. "Nimechoka, Damari," alisema tu, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata mwinjilisti alimwomba asimame mbele ya watu atubu, kisha aendelee na uongozi wake. Mama alisimama. Alisema alitukana, na kwamba maneno yalikuwa mabaya, na kwamba angeitwa kesho angekwenda. Alisema kwa upole kama alivyozoea. Kwa hiyo aliondolewa kuongoza akina mama, akakaa benchi la nyuma mpaka mavuno, karibu na mlango kwenye vumbi, na sauti yake ya pili tukaisikia ikitokea huko. Sitaki kumpamba. Hakufurahia ushujaa wake wala hakuwahi kuuhadithia. Nadhani aliumia kwa pande zote mbili: kwamba alitukana, na kwamba alimnyima mzee yule jibu miaka yote alipokuwa hai na masikio yake yanasikia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini kuna adhabu nyingine wanaobaki nazo, na hiyo aliijua yeye. Bibi Tabitha alimletea mbegu za maboga baada ya mazishi, akamwambia ni mbegu mbovu kwa mtu mwenye mkono mbovu. Mama akaangua kicheko, akajibu kitu ambacho sikukisikia. Tangu siku ile walitukanana mpaka Bibi Tabitha alipofariki, na mama alimsema vizuri, bila kusukumwa.

Sasa mimi ni mzee, naishi Mikumi, mita chache kutoka barabara kuu, na matusi nayasikia kutwa. Utingo anamtukana mwenye bodaboda, mwenye bodaboda anamtukana muuza mahindi, na watoto wa shule wanapita na matusi ya Dar es Salaam yaliyowafikia kwa simu kabla ya sabuni. Wajukuu wangu huniamkia "Shikamoo, bibi" huku vidole vyao vikiandika kwenye simu mambo ambayo beberu mmoja asingetosha. Sikasiriki tena, sina nguvu hiyo. Kinachonishangaza ni kwamba katika matusi yote hayo hakuna anayemjua anayemtukana. Yote ni ya Mzee Maganga, na Mzee Maganga angalau aliomba radhi. Na kwenye misiba yetu, huko ambako neno kali lilikuwa na kazi, sasa tunanyenyekea kupita kiasi: kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti, kuna wasifu wa marehemu unaosomwa, na kwa wasifu ninaousikia kila wiki, mkoa huu haujawahi kuzika mtu mchoyo.

Mama alifariki mwaka juzi, mzee sana, palepale kijijini karibu na barabara, ambako sasa kuna umeme na migomba iliyokubali udongo baada ya yote. Watu walijaa. Wa ukoo wa watani zetu nilimwona mmoja tu, Yoeli, aliyetoka Morogoro na koti la suti na miwani. Nilimkaribisha mwenyewe, nikamkalisha mbele, karibu kabisa na mlango, nikangoja. Alisimama, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Poleni sana, dada Damari. Mama alikuwa mtu wa watu." Nikamwambia, "Yoeli, wewe ni mtani." Alitabasamu kwa huzuni nzuri. "Mambo ya zamani hayo, dada. Siwezi kumvunjia heshima mama." Wala simlaumu, alilelewa vizuri, alikuwa na adabu ambayo mama yangu mwenyewe angeisifia.

Nikarudi kukaa chini mlangoni, miguu nimeinyoosha, mgongo kwenye mwimo. Mshereheshaji akasoma kwamba marehemu alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu, na mlezi wa wengi. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa mbishi. Hakuna aliyesema kwamba chumvi alitufichia hata sisi wanawe, kwamba alinuna wiki nzima kwa kosa la sufuria, kwamba alitupenda huku akitukagua kucha kama askari, kwamba siku moja alisimama mbele ya kijiji kizima na kichwa kisichochanwa akasema wasichothubutu wanaume. Nilikuwa nayo yote, moja baada ya jingine, yamenijaa mpaka kooni, na mimi ni mwanawe, sina haki ya kutamka hata moja. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Wakapita juu ya miguu yangu na jeneza, polepole, wakiniomba samahani.